TAHADHARI: Aliniuzia watoto wa kambare aina ya aeneus kwa jina la pygmaeus, aina ndogo zaidi

Ndugu wafugaji, hasira imenijaa na aibu inanila, lakini nikinyamaza kesho atalizwa mwingine. Yule muuzaji wa kambare wadogo wa tangini, mnaomfahamu mnajua namsema nani, ni tapeli.

Tangi langu mnalijua, na mnajua nilivyohangaika kuwatafuta Corydoras pygmaeus. Akanitumia video: kundi zima linaelea katikati ya maji, kila mmoja ana mstari mweusi kutoka puani hadi mkiani. Koridorasi, yaani kambare wa jamii hii ya Corydoras, wengi hushinda chini wakichimbua mchanga. Hawa wadogo ndio huelea hivyo. Nikamuuliza asili yao. Akajibu bila kusita: bonde la Mto Madeira, Brazili. Ukubwa? Hawavuki sentimita 3. Yote sahihi! Ningemshuku kwa lipi? Nikalipia kumi na wawili, pesa yote kabla ya mzigo.

Mfuko wa samaki ulipofika niliuacha uelee tangini kwanza, nikapiga magoti na tochi. Vijisamaki vidogo kama maharage, mabaka ya kijivu mwili mzima, mstari hakuna. Moyo ukanipasuka. Nikampigia palepale. "Ondoa shaka ndugu yangu, bado watoto hao, mstari utatokea wakikua." Nikamwamini! Nikaufungua mfuko kwa mkono wangu mwenyewe. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo.

Watatu walikufa wiki ya kwanza, sharubu zimelika hadi mashinani. Tisa waliobaki wamefika sentimita 4 na bado wanakua, vibamba vya mifupa ubavuni vinang'aa kijani na shaba. Ni aeneus, koridorasi wa aina nyingine, wale wanaofika sentimita 6 au 7. Nilipomtumia picha, akanifungia namba.

Huyu arudishe pesa za watu! Afukuzwe kwenye kila kundi la wafugaji, na ashtakiwe, maana huu ni wizi mtupu na samaki wanakufa mikononi mwake. Kabla sijalipa, nilipomwomba video mpya, karatasi yenye jina langu ikiwa kando ya tangi, alidai kamera ya simu imeharibika. Nilipotaka kutanguliza nusu ya malipo tu, alikataa. Ile video nimeikuta juzi kwa mfugaji mwingine kabisa, kisiki kilekile, mimea ileile. Ashtakiwe, nasema tena.

Hawa tisa hawana kosa, ila kwangu hawatatosha. Mwenye tangi kubwa lenye mchanga laini aniandikie, nampa bure, mradi awachukue wote pamoja.