TAHADHARI: Muuza kegi na mapipa ya wine anayetuma mizigo kwa basi kutoka Dar

Wapendwa mnaotengeneza wine nyumbani, hasa sisi wa rozela na ndizi huku Kilimanjaro na Arusha, someni hili kabla hamjatuma hela kwa mtu. Kuna muuzaji anajitangaza mitandaoni kwamba ana kegi (mapipa ya chuma ya kuwekea bia) za stenlesi za lita 50, mapipa ya plastiki "ya chakula", hidromita (kipimo cha kuelea kinachoonyesha wingi wa sukari kwenye wine) na hamira ya wine. Nilinunua kwake mwezi uliopita, na vitu nilivyopokea vingeweza kumpeleka mtu hospitali. Jina lake siliandiki kwa sababu jalada liko polisi, lakini nitaeleza anavyofanya kazi ili mkikutana naye mumtambue. Ukurasa wake ameshaubadilisha jina mara moja tangu nianze kumdai.

Nilikuwa najiandaa na wine ya kipaimara cha mtoto wa dada. Nikaagiza kegi mbili kwa 260,000 kila moja, pipa la bluu la lita 120 kwa 65,000, hidromita 35,000 na pakiti za hamira za 60,000. Jumla 680,000. Alitaka nusu kwanza, na nusu ya pili akishatuma picha ya risiti ya mzigo kutoka stendi ya Mbezi. Nilimwomba video ya kegi zangu zikiwa na karatasi yenye jina langu, akasema kijana wa stoo ametoka. Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Risiti ilikuja, ilikuwa ya kweli, nikamalizia hela. Kwa hiyo msidhani tapeli ni yule tu asiyetuma kitu. Huyu anatuma, na mzigo unafika siku iliyofuata kama alivyoahidi.

Pipa ndilo lililonitisha zaidi. Kwa macho lilikuwa safi, linang'aa. Nikamimina maji ya moto ili nilisuuze, na mvuke wa kwanza ulipopanda nikapata harufu kali ya dawa, ile inayochoma puani mpaka machozi. Nikaligeuza kwenye jua. Ubavuni kulikuwa na sehemu iliyokwanguliwa kwa kisu, na pembeni kimebaki kipande cha stika, nusu ya alama ya pembe nne yenye ukingo mwekundu, ndani yake mkono unaodondokewa na matone. Hiyo ni alama ya kemikali inayounguza. Plastiki ya mapipa haya hufyonza kilichowekwa ndani, na hakuna sabuni wala jua litakalokitoa chote. Pipa la chakula lina alama ya glasi na uma chini yake, na hata ukiiona, uliza lilibeba nini kabla halijafika kwako.

Kegi nazo nilizijaribu kwa sumaku iliyotoka kwenye spika mbovu. Stenlesi nzuri inayotumika kwa vinywaji haishiki sumaku, labda kidogo sana kwenye maungio. Moja ilinasa sumaku mwili mzima mpaka nikaivuta kwa nguvu. Nikakwangua kwa ufunguo, rangi ya fedha ikatoka kama ganda la yai, chini yake bati la mabomba. Ndugu zangu, rozela ni kali, ina asidi nyingi. Zinki iliyopakwa kwenye bati inayeyuka ndani ya kitu kama hicho, na anayekunywa atatapika na kukatwa na tumbo. Mbege inanyweka ndani ya siku moja au mbili, lakini wine inakaa miezi na inabeba kila kilichomo kwenye chombo.

Kegi ya pili ilikuwa stenlesi kweli. Lakini shingoni, mahali ambapo kiwanda cha bia hugonga jina lake, pamesagwa kwa grenda. Kegi za bia ni mali ya kiwanda hata zikiwa tupu, zinazunguka zikirudi. Iliyofutwa jina ina kila dalili ya wizi, na ukikutwa nayo utaieleza wewe. Halafu alinishauri kwa simu niing'oe vali ya juu kwa bisibisi nikitaka kuiosha. Msithubutu! Kegi inaweza kuwa na presha hata ikionekana tupu, na lile bomba la ndani likichomoka linaruka kwa nguvu ya kuvunja taya au kuua. Presha itolewe yote kwanza na mtu anayeijua kazi hiyo.

Hidromita inasoma 1.020 kwenye maji matupu ya nyuzi 20, wakati inatakiwa isome 1.000, maana karatasi ya ndani imeteleza. Hamira ni pakiti zilizofungwa kwa moto wa mshumaa, tarehe imefutwa. Niliweka moja kwenye maji ya uvuguvugu na kijiko cha sukari, dakika 20 zikapita bila povu lolote.

Nilipomrudia akaniita "bosi wangu" mara tatu, akaahidi kubadilisha nikituma 50,000 ya usafiri. Sikutuma. Kesho yake akanifungia. Nimechukua RB (namba ya taarifa ya polisi), namba ya simu ya muuzaji nimeituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na mtandao wa simu nimewajulisha.

Kama umenunua kwake pipa la bluu, usilitumie hata kuhifadhia maji ya kufulia nguo za watoto. Kama tayari kuna wine ndani, imwage, najua inauma. Ukiwa na risiti au picha za mazungumzo naye, niandikie, mpelelezi amesema malalamiko yakiwa mengi jalada linakwenda haraka. Na anayetafuta vyombo kwa sasa, nenda mwenyewe dukani na sumaku mfukoni, au mtume ndugu aliyeko Dar akashike kitu kwa mkono kabla hujalipa.

Pipa langu liko stoo kama ushahidi. Nimelitoboa kitako na kuliandika SUMU kwa rangi nyekundu, asije mtu akalichotea maji.