Kulala Moshi kabla ya marathoni ya kwanza: tathmini ya nyumba moja ya wageni

Nilifika Moshi Ijumaa jioni, siku mbili kabla ya kukimbia kilomita 42.195 kwa mara ya kwanza maishani, baada ya kutwa nzima ndani ya basi kutoka Dar es Salaam. Mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza mwaka 2003, huujaza mji huu wageni kiasi kwamba anayechelewa kutafuta chumba huishia kulala nje ya mji na kuamka usiku wa manane akihangaikia usafiri. Shangazi yangu anaishi Marangu na alitaka sana nilale kwake, lakini Marangu ni umbali wa takriban kilomita 40, nami sikutaka asubuhi ya mbio itegemee gari la mtu. Kwa hiyo tangu Novemba nilikuwa nimelipia chumba katika nyumba ndogo ya wageni iliyopo Shanty Town, mtaa wa humu humu Moshi, na hiyo ndiyo ninayoitathmini hapa. Ni nyumba ya familia yenye vyumba tisa. Kwa kuwa nitaeleza na kasoro zake, siitaji jina. Anayejiandaa kwa mbio ayachukue maelezo haya kama maswali ya kumuuliza mwenye nyumba yoyote kabla ya kutoa fedha yake.

Ukaribu ndio ulionifanya niichague. Mbio huanzia na kuishia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na kutoka getini mwa nyumba hii hadi uwanjani nilitembea dakika kumi na saba kwa mwendo wa kawaida. Niliupima mwendo huo Jumamosi alfajiri, nilipotoka kukimbia kilomita tatu za polepole ili kuiondoa miguuni ganzi ya basi. Njia ni tulivu, ina miti mikubwa pande zote mbili, na sehemu kubwa imewekwa taa. Asiyewahi kukimbia anaweza kuona dakika kumi na saba kuwa jambo dogo, lakini asubuhi ya Jumapili barabara kadhaa hufungwa, bodaboda hupandisha bei, na mkimbiaji mwenye hofu tumboni hahitaji kubishana na mtu yeyote.

Chumba changu kilikuwa cha chini, na nilikiomba makusudi, maana waliotangulia kukimbia walinionya kwamba baada ya marathoni kushuka ngazi ni adhabu. Godoro lilikuwa gumu kiasi cha kufaa, shuka safi, na chandarua kizima kisicho na tundu hata moja, jambo ambalo katika mji wenye mbu kama Moshi nalihesabu kabla ya televisheni na jokofu. Pazia, hata hivyo, lilikuwa jepesi mno, na mwanga wa taa ya uani ulinipiga usoni hadi nilipotundika kanga yangu juu yake. Usiku wa Ijumaa nililala saa nane bila kushtuka. Huo ndio usiku ninaoupa alama, kwa sababu usiku wa kuamkia mbio karibu kila mkimbiaji mgeni hujigeuzageuza kitandani, na kinachombeba siku ya pili ni usingizi alioulala juzi yake.

Sifa kubwa ya nyumba hii ni jiko. Mapishi yako mikononi mwa mama mmoja wa makamo ambaye, nilipomwamkia Ijumaa usiku na kuketi mezani, aliniuliza kwanza kama nakimbia ndefu au nusu, na niliposema ndefu akaondoa bakuli la maharage mbele yangu. “Mwanangu, haya utakula Jumapili jioni,” alisema. Alikuwa na hoja thabiti. Wataalamu wa lishe ya michezo hupendekeza kwamba katika saa 36 hadi 48 kabla ya mbio ndefu mkimbiaji ale kila siku wanga wa gramu 8 hadi 12 kwa kila kilo ya uzito wake, ili misuli na ini vijaze akiba, na wakati huohuo apunguze vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta, ambavyo hukawia tumboni na kuleta usumbufu njiani. Nina kilo 60, hivyo kiwango cha chini kabisa kwangu ni gramu 480 kwa siku. Sahani ya wali uliopikwa yenye gramu 300 ina wanga wa gramu zipatazo 80 na kidogo. Maana yake ningelazimika kula sahani sita za wali kutwa, kazi ambayo hakuna anayeiweza kwa raha.

Mama huyo alilitatua jambo hilo bila kikokotoo, kwa kuugawa mzigo. Jumamosi asubuhi alinipa mtori mwepesi wa ndizi mshare, wenye nyama kidogo na usiozidishwa mafuta, pamoja na mkate mweupe na asali. Saa nne akaleta ndizi mbivu mbili na juisi ya embe iliyochujwa. Mchana ulikuwa wali mweupe na paja la kuku, bila mchicha. Saa kumi uji wa sembe wenye sukari. Na chakula cha usiku kikawekwa mezani saa kumi na mbili kamili jioni, viazi mviringo vya kuchemsha vyenye chumvi ya kutosha na samaki mdogo. Nimewahi kula katika hoteli za bei mara tatu ya hii ambako mhudumu hukutazama kwa mshangao ukiomba wali usio na viungo. Hapa hawakuniuliza sababu, kwa sababu walikuwa wanaijua.

Mwenye nyumba alitupatia huduma nyingine ambayo haikuwa kwenye orodha ya bei. Jumamosi alasiri alitupakia wageni watatu garini na kutupeleka hadi Mweka, kijiji kilicho juu ya mji kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ili tuione sehemu ngumu ya njia. Nusu ya kwanza ya marathoni hii huelekea barabara ya Dar es Salaam na kurudi mjini, na haina milima ya kutisha. Kazi huanza baada ya hapo, mkimbiaji anapopanda kutoka takriban mita 830 juu ya usawa wa bahari hadi karibu mita 1,150, kisha akateremka mpaka uwanjani. Kuuona mlima ule kwa macho kulinisaidia kuliko ramani zote nilizozisoma, kwani papo hapo niliamua kuikimbia nusu ya kwanza polepole kuliko nilivyopanga.

Mbio huanza saa 12:30 asubuhi, na mlo wa mwisho unafaa uliwe saa tatu kabla. Saa 9:15 usiku mlinzi aligonga mlango wangu mara mbili, na saa 9:30 chai, mkate, asali na ndizi vilikuwa mezani, vimepikwa kwa mkaa kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Kasoro ya asubuhi hiyo ilikuwa maji: ya moto hayakuwepo, na ya baridi yalitoka kwa kudondoka. Usiku huohuo baa iliyo mtaa wa nyuma ilipiga muziki hadi saa saba, na ingawa mwenye nyumba alikwenda mwenyewe kuwaomba wapunguze, ilifaa atuonye mapema ili tununue vizibo vya masikio.

Nyumba nyingi za wageni hutaka chumba kirudishwe saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi hiyo mimi nilikuwa Mweka, nikitembea na kukimbia kwa zamu, na nilivuka mstari wa mwisho baada ya saa 5 na dakika 12. Niliporudi, ufunguo wangu ulikuwa pale pale, ndoo mbili za maji zimewekwa bafuni, na maharage niliyoahidiwa yako jikoni. Nilipewa chumba hadi saa kumi alasiri bila kuongezwa hata shilingi, kisha binamu yangu akaja kunichukua kwenda kwa shangazi.

Bei ndiyo inayonizuia kuipa alama zote. Siku za kawaida chumba ni shilingi 60,000. Wikendi ya mbio hupanda hadi 95,000, na malipo ya awali hayarudishwi hata ukiumia mazoezini, sharti ambalo naliona kali kwa wakimbiaji. Nimemweleza mwenye nyumba hivyo ana kwa ana, pamoja na habari ya pazia na maji. Anayekuja na watoto wadogo atafute kwingine, kwa sababu kuanzia saa mbili usiku wa Jumamosi nyumba nzima huzimwa taa na kila mtu hunong'ona.