Swichi sina lawama nayo, waya ndio ulinitesa: saiba yangu ya Busia

Nina saiba ndogo hapa Busia, upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka. Kompyuta tano, printa moja kubwa, na wateja wasiojua subira: wakala wa forodha ambaye lori lake liko foleni, mwanafunzi wa fomu za chuo, mama anayetaka kitambulisho kiskaniwe sasa hivi. Zamani kompyuta zote zilitegemea Wi-Fi ya ruta. Bati juu, bati ubavuni, na kila duka jirani linarusha Wi-Fi yake. Ile kompyuta ya kona ilikuwa inafungua ukurasa mmoja, mteja keshamaliza soda.

Basi nikaamua kuvuta waya. Swichi niliagiza Kampala: TP-Link TL-SG108, matundu manane, mwili wa chuma, kubwa kidogo kuliko kiganja. Wengi huchanganya swichi na ruta. Ruta ndiyo lango la nje. Inaunganisha duka na dunia, na ndiyo inayogawa anwani kwa kila mashine iliyomo ndani. Swichi ni karani wa humu humu: inajua kompyuta ipi iko tundu lipi, na kila mzigo inaupeleka kwa mwenyewe. Hii yangu haina cha kupanga. Unachomeka, inafanya kazi, haina hata feni ya kupiga kelele. Siku moja intaneti ilipotea saa nzima na printa ikaendelea kuchapa kutoka kompyuta zote tano. Mteja mmoja akashangaa, "Si umesema mtandao hakuna?" Mzee wangu, mtandao wa dukani upo. Uliokatika ni wa kutoka nje.

Sasa tuje kwenye waya. Fundi alikuja na wake, umeandikwa Cat 6 (daraja la waya wa mtandao) urefu wote, nami nikalipa bila kuuliza. Wiki ya tatu kompyuta namba nne ikaanza kusuasua. Nilipoangalia kasi ya muunganisho nikakuta megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1000. Ukiugusa waya pale kwenye plagi, inapanda, ukiuachia, inashuka. Ndani ya waya huo mna nyuzi nane. Kasi ya 1000 inazitaka zote nane, ile ya 100 inatosheka na nne. Kwa hiyo ukivunjika uzi mmoja kati ya zile nne nyingine, kompyuta haizimi, inakuwa goigoi tu, na wewe unailaumu kampuni ya intaneti.

Nikachukua wembe nikakwangua uzi mmoja. Juu wekundu wa shaba, ndani weupe. Alumini iliyopakwa shaba! Nikampigia fundi. "Bosi, kila mtu anatumia huo," akanijibu, wala hakuona haya. Alumini ni rahisi kukatika ikikunjwa na ni hafifu kupitisha umeme kuliko shaba. Nilipokwenda kununua mwingine niliingia dukani na wembe mfukoni, nikakwangua mbele ya muuzaji. Alinikazia macho, lakini akanitolea wa shaba tupu. Hata uzito unajieleza, ule wa kwanza ulikuwa kama kamba ya nguo.

Plagi nilibana mwenyewe, nyuzi nane nikizipanga kwa rangi hivi: Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Niliharibu saba kabla mkono haujazoea. Tangu hapo namba nne haijawahi kurudi 100.

Balaa la pili lilitoka nyumbani. Mpwa wangu alileta ruta kuukuu ili wateja wapate Wi-Fi ya simu, akaichomeka kwenye swichi bila kuniambia. Baada ya muda mfupi kompyuta tatu zikakosa intaneti, mbili ziko sawa. Nilikaa kwenye simu na huduma kwa wateja, nikimgombeza kijana wa watu asiye na kosa, mpaka nikaona kompyuta zangu zimezoea anwani za kuanzia 192.168.1, na zile tatu zina 192.168.0. Ruta mbili zilikuwa zinagawa anwani humo humo! Tukaizima ile kuukuu isigawe, ibaki kurusha Wi-Fi tu, kukawa shwari.

Kasoro za swichi yenyewe? Haina namna ya kumbana mteja anayepakua filamu. Hilo ulifanye kwenye ruta, kama ruta yako inakubali. Umeme ukikatika nayo inazima, hivyo nimeiweka pamoja na ruta kwenye betri ya akiba. Na isitarajiwe miujiza: Uganda haina bahari, intaneti yetu nyingi inapitia nyaya zinazotua Mombasa, na Mei 2024 nyaya mbili zilipokatika chini ya bahari mwendo ulikuwa wa konokono nchi nzima.

Ningeinunua tena, ila ya matundu kumi na sita. Kompyuta tano, printa, ruta, na ile kuukuu ya mpwa: manane yameisha. Juzi kaja na kamera ya ulinzi, anazunguka nyuma ya meza akitafuta pa kuichomeka.