Aiskrimu "isiyoongezwa sukari": uzoefu wangu na mama mwenye kisukari

Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili, huu mwaka wa kumi na moja. Keki aliiacha, soda aliiacha, haluwa aliiacha na hakulalamika. Aiskrimu ndiyo iliyomshinda kuisahau. Kwa hiyo nilipokuta kwenye friza la supamaketi moja hapa Dar kopo la lita moja la vanila, limetoka Ulaya, limeandikwa mbele kwamba halikuongezwa sukari, na wenye duka wamebandika karatasi ya mkono chini yake, "INAFAA KWA WAGONJWA WA SUKARI", nililibeba palepale. Shilingi 26,000. Ghali, lakini nilijiambia ni kwa ajili ya mama.

Nianze na ladha, maana wengi mtauliza. Ni tamu kweli. Laini, haina zile chembe za barafu, na haikuachi na ule uchungu wa mwisho ulimini wa baadhi ya vitamu mbadala. Mama alifumba macho kwa kijiko cha kwanza. Usiku ule wa Jumamosi alikula bakuli zima baada ya chakula, akaongeza.

Usiku huohuo tumbo lilianza kunguruma. Akaenda chooni mara mbili kabla ya alfajiri. Tukamsingizia samaki.

Kesho yake nikaamua kupima, maana nilitaka kujua kama naweza kuinunua kila mwezi kwa amani. Chai alikunywa saa moja asubuhi. Saa nne nikampima sukari ya damu kwa kidole: 7.1 (kwa kipimo cha mmol/L). Nikampa gramu 150 nilizozipima kwenye mizani ya jikoni, bila kitu kingine. Saa sita nikampima tena: 10.8. Kliniki wametuambia saa mbili baada ya kula isivuke 10. Mama akaitazama ile namba, akanitazama na mimi. "Mwanangu, si ulisema haina sukari?"

Ndipo nilipoligeuza kopo na kusoma nyuma, jambo ambalo ningepaswa kulifanya nikiwa bado dukani.

"Haikuongezwa sukari" maana yake ni kwamba kiwandani hawakutia sukari ya kawaida. Haina maana kwamba wanga haumo. Kwenye gramu 100 za aiskrimu hii kuna gramu 24 za wanga. Gramu 6 ni laktosi, yaani sukari ya maziwa yenyewe, ambayo huwezi kuikwepa maadamu kuna maziwa ya unga ndani. Gramu 14 ni maltitoli, kitamu cha kundi linaloitwa polioli. Kinachobaki ni maltodekstrini, na hii ndiyo iliyonikera zaidi: ni wanga uliokatwakatwa vipande vidogo, hauna utamu wa maana, wanautia ili aiskrimu iwe nzito mdomoni, lakini mwilini unageuka glukosi haraka sana. Kwa mgonjwa wa sukari hiyo ni sukari kwa jina jingine.

Maltitoli nayo hupandisha sukari. Ni kweli inapandisha kidogo kuliko sukari ya kawaida, na kalori zake ni kama nusu tu, lakini si sifuri. Na ile isiyofyonzwa na utumbo mdogo inateremka mpaka utumbo mpana, inavuta maji, bakteria wanaichachua, gesi inajaa. Samaki wetu wa Jumamosi hakuwa na kosa lolote. Kopo lenyewe limekiri: mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi ambazo nililazimika kuzipiga picha kwa simu na kuzikuza, umesema kula kupita kiasi kunaweza kuharisha. Sheria za Ulaya zinadai onyo hilo kwa kila chakula kilichotiwa polioli zaidi ya asilimia 10. Limeandikwa kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa. Mama yangu anasoma Kiswahili na Kiarabu.

Kuna jambo jingine la kuliangalia kwenye makopo haya. Mbele wameandika kalori 78, na namba hiyo inafurahisha. Ukisogea karibu unaona ni kwa mililita 100. Kwa gramu 100 ni 156. Kopo ni la lita moja lakini uzito wake ni gramu 500, kwa sababu aiskrimu hupigwa hewa inapogandishwa, na hii yetu zaidi ya nusu ya ujazo wake ni hewa. Hewa si kosa, bila hewa ungekuwa unatafuna jiwe la barafu. Ila mgonjwa anayehesabu wanga wake ahesabu kwa gramu, kwa mizani, asihesabu kwa bakuli.

Mafuta yake si ya maziwa, ni ya nazi. Tuliokulia pwani tukisikia nazi moyo unatulia, lakini mafuta ya nazi karibu yote ni ya lile kundi linaloganda, ambalo madaktari wa moyo hutusihi tulipunguze. Siagi ya maziwa inayo pia, ila kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Kwa mtu mwenye sukari na presha pamoja, kama mama, hilo ni la kufikiria.

Kuhusu halali: kwenye orodha kuna E471, inayoshikanisha maji na mafuta. Inaweza kutoka kwenye mimea au kwenye mafuta ya mnyama, na kopo halikusema. Niliwaandikia kampuni barua pepe, wakajibu baada ya siku sita kwamba yao ni ya mimea. Nawashukuru kwa hilo.

Na kuna E407. Hii ni karajinani, ute unaozuia aiskrimu isijitenge maji. Inatoka kwenye mwani. Nilipomwambia mama alinyamaza kwanza. Yeye ni wa Paje, na ni miongoni mwa wanawake walioingia kwenye mwani mwanzo kabisa, ulipoanza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989. Akaniomba nimwoneshe ile namba. Akaiwekea kidole. "Tulikuwa tunasubiri bamvua, maji yatoke, tunafunga kamba mpaka vidole vinapasuka kwa chumvi. Hatukuambiwa unakwenda kuliwa hivi." Alikaa na lile kopo mkononi muda mrefu, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Kopo la pili nilinunua kwa sababu moja tu, kujaribu kiasi kidogo. Gramu 60, saa ileile: kutoka 6.9 hadi 8.3, na tumbo likatulia. Kwa hiyo inalika. Lakini muuguzi wa kliniki alinishauri kitu rahisi zaidi: nunua aiskrimu ya kawaida ya maziwa, mpe kiasi kilekile kidogo mara moja kwa wiki, na siku hiyo upunguze wali au ugali kwenye sahani yake. Tumefanya hivyo wiki tatu. Gramu 60 baada ya chakula cha mchana, wali nusu ya ule wa kila siku, vipimo vimekuwa 8.6, 9.1 na 8.8. Kopo la kawaida nalipata kwa shilingi 14,000, na tumbo lake linaipokea.

Hivyo ni vipimo vya mama yangu, mwenye dawa zake na mwili wake. Mwenye mgonjwa ampime wake.

Nilimweleza dada wa pale dukani kuhusu ile karatasi. Alinisikiliza vizuri, akasema atamfikishia bosi. Juzi nilipita, bado imebandikwa. Jumamosi narudi na picha ya vipimo, na safari hii nitamwomba bosi mwenyewe.