Jiko banifu la mkaa kutoka sokoni Mtwara
Jiko hili la bati lina kuta za ndani za udongo wa kuchoma, ambazo huzuia joto lisipotelee ubavuni. Ndiyo maana mbaazi kavu, zikilowekwa usiku kucha na sufuria ikafunikwa vizuri, huiva kwa mkaa mchache kuliko ule unaoliwa na jiko la bati tupu. Kijidirisha cha hewa ndicho roho yake: chakula kikishachemka, kifungwe nusu, moto ubaki wa wastani. Mishikio ni myembamba na hupata moto upesi. Aidha, udongo ukimwagiwa maji ungali na joto hupasuka, jambo ambalo muuzaji hakulitaja, ingawa hukubali kubadilisha udongo peke yake bila kukulazimisha kununua jiko jipya.