Tahadhari: Muuzaji wa Kariakoo anauza manila kwa bei ya karatasi ya pamba

Ndugu wapiga picha na wachapaji, ninaandika haya nikiwa na hasira ambayo bado haijapoa, kwa sababu yule kijana wa Kariakoo anayetangaza karatasi nene za sanaa mitandaoni, ambaye wengi wenu mmeshatumiana namba yake, ameniuzia boksi la manila kwa bei ya karatasi ya sanaa inayotengenezwa kwa nyuzi za pamba. Kazi ya kuchapa nakala za mchoro wa mzee mmoja wa Bagamoyo, ile mliyoniona nikiihangaikia muda wote huu, imeharibika mbele ya macho ya mwenyewe.

Nianze na namna alivyoniuzia, asije akatokea mtu wa kusema kwamba nilinunua kwa papara. Sikumtuma bodaboda; nilikwenda dukani kwake mwenyewe. Alinitolea boksi la Hahnemühle Photo Rag, karatasi ya pamba ya kuchapia picha, la ukubwa wa A3+ (unaozidi A3 kidogo), gramu 308 kwa mita ya mraba, lenye karatasi 25, likiwa na lebo yake na nailoni yake. Nilipomwambia kwamba karatasi ya aina hiyo siinunui bila kuiona ikipita kwenye printa, hakusita hata kidogo. "Hakuna shida, mkubwa, tunaijaribu hapa hapa," alisema, akaichana nailoni kwa wembe, akavaa glavu nyeupe za pamba, kisha akainua karatasi ya juu kabisa kwa kuishika kingo mbili tu. Aliipangusa kwa brashi laini ili kuondoa vumbi la nyuzi, jambo ambalo wachapaji wengi wa mjini hawalifanyi. Akaiweka kwenye trei ya nyuma, ile ya kulishia karatasi nene mojamoja, akaitelemsha taratibu mpaka ikagusa roli, akaiacha printa iivute yenyewe. Kwenye kompyuta alichagua karatasi ya sanaa isiyong'aa, akaweka alama kwenye kipengele cha kuzuia karatasi isikwaruzwe, ambacho huongeza nafasi kati ya karatasi na kichwa cha printa. Picha iliyotoka ilikuwa ya mama aliyevaa buibui, amesimama mlangoni. Weusi wa buibui ulikuwa mzito, na bado mikunjo ya kitambaa ilionekana mmoja baada ya mwingine. Nikaishika, nikaigeuza, nikaipapasa. Ilikuwa Photo Rag halisi, karatasi ambayo naijua hata nikifumba macho.

Sasa niambieni, mnunuzi angedai uthibitisho gani zaidi ya huo? Mtu anayejua kwamba pamba haitaki jasho la vidole, anayejua kwamba uzi mmoja ukining'inia unaweza kuziba matundu ya wino, na anayekubali kufungua mzigo wake mwenyewe mbele ya mteja, humdhanii utapeli. Nililipa laki nne taslimu, akalifunga boksi kwa selotepu, tukaagana kwa heshima.

Karatasi ile ya juu ndiyo pekee iliyokuwa halali. Zote zilizokuwa chini yake zilikuwa manila iliyokatwa kwa kipimo kilekile.

Mzee alikuja ofisini kushuhudia nakala ya kwanza ya mchoro wake, ule wa ngalawa zikiingia pwani alfajiri. Amekaa kwenye stuli pembeni yangu, nikailisha karatasi kwenye Canon PRO-1000 yangu kwa utaratibu uleule, printa ikaivuta upande na kuikataa. Nikainyoosha, nikailisha tena. Safari hii iliingia, lakini baada ya sentimita chache nilisikia mkwaruzo, kwa sababu kona ya mbele ilikuwa imejikunja kuelekea juu, na kichwa cha printa kiliigonga kila kilipopita, kikiacha michirizi myeusi ukingoni. Mahali ambapo hakukuwa na michirizi palitia uchungu zaidi: wino ulizama ndani badala ya kutulia juu, mistari myembamba ya kamba za ngalawa ikavimba na kuungana, na buluu ya bahari ikafifia kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Mzee aliichukua, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ndiyo karatasi uliyosema itaishi kuliko mimi?" Sikuwa na jibu la kumpa. Aibu niliyoipata siku ile, mbele ya mtu wa umri wa baba yangu ambaye alikuwa amenikabidhi kazi ya maisha yake, ndiyo inayonifanya nisikubali kunyamaza.

Unene peke yake hauifanyi karatasi kuwa ya sanaa. Karatasi halali ya inkjet, yaani ya printa inayorusha wino, ina utando maalumu upande mmoja unaoushika wino usizame, na manila haina utando huo hata ikiwa nene kiasi gani. Zaidi ya hapo, manila hii ilipukutisha vumbi, na sasa matundu mawili ya wino hayafunguki ingawa nimesafisha kichwa tena na tena na kumaliza wino wa gharama kubwa.

Nilipompigia, aliniambia, "Printa yako ndiyo mbovu, kaka, hapa si uliiona ikitoka safi?" Nilipomkazania, akasema mzigo ukishafunguliwa haurudishwi, ilhali yeye ndiye aliyeufungua kwa wembe wake! Baada ya hapo akanifungia simu na ujumbe.

Mtu wa namna hii hastahili kuonewa huruma. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 ipo, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Waende wakague stoo yake yote, wateketeze maboksi hayo hadharani, naye afikishwe mahakamani. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hakunipa, alisema mashine inasumbua, kwa hiyo TRA, mamlaka ya mapato, nao wana la kumuuliza.

Kwa atakayenunua kwa mtu yeyote: chomoa karatasi ya katikati, usikubali ya juu. Gusa kona kwa kidole chenye unyevu kidogo. Upande wenye utando hunata. Pima boksi, kwa kuwa karatasi moja ya A3+ ya gramu 308 kwa mita ya mraba ina uzito wa karibu gramu 49, na zote 25 hufika kilo 1 na robo hivi. Langu lilikuwa jepesi kuliko hapo. Manila yake pia iliwaka buluu kali chini ya tochi ya kukagulia noti. Na bei yake haikuwa ya chini, kwa hiyo msitegemee bei iwashtue.

Kesho asubuhi ninapeleka malalamiko FCC na kituo cha polisi. Yeyote aliyeuziwa na kijana huyu aniandikie faragha, atunze boksi, lebo na ujumbe wa muamala kama alilipa kwa simu, ili tuende tukiwa wengi, na asikubali kurudishiwa fedha kimyakimya ili afute malalamiko yake.