GnuCash kwa hesabu za nyumbani: nauli za kila siku na pesa za safari

Asalaam aleikum, karibuni. Leo tunaichambua GnuCash, programu ya kuweka hesabu kwenye kompyuta. Ni ya bure, iko tangu miaka ya 1990, na inakubali Windows, Mac na Linux. Sitaipitia yote. Nataka tuangalie pale panaposumbua nyumba nyingi hapa Mombasa, yaani pesa za kwenda na kurudi.

Ukianza, inakupa orodha ya akaunti iliyo tayari. Tazameni hapa. Gari lina akaunti yake, na ndani mna mafuta, maegesho na matengenezo. Usafiri wa umma uko peke yake. Bima ya gari imekaa kwenye bima. Safari je? Imetiwa ndani ya burudani, pamoja na muziki na sinema!

Jamani, mtu akipigiwa simu kuna msiba Lamu, akapanda basi usiku kwenda kuzika, hiyo ni burudani? Kwa nyumba zetu mpangilio huo haufai, na nawashauri muubadilishe siku ya kwanza. Ni rahisi: unafungua akaunti, unaihamishia chini ya nyingine, unaipa jina la Kiswahili. Yaliyokwisha andikwa yanahama nayo.

Mimi napendekeza akaunti mbili kubwa. Ya kwanza Usafiri: matatu, tuktuk, bodaboda, van ya shule, gari kama mnalo. Ya pili Safari. Mkibishana kitu kiende wapi, ulizaneni hivi: pesa hii ingetoka hata kama hakuna aliyeondoka mjini? Ikiwa ndiyo, ni Usafiri.

Kwa hivyo tuktuk ya kwenda Marikiti ni Usafiri, lakini tuktuk ya kuwafikisha Miritini kupanda treni ya SGR ya Nairobi ni Safari. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Tiketi ya treni kila mtu anaikumbuka. Lakini stesheni iko mbali na mjini, na ukifika Nairobi unashushwa Syokimau, unalipa tena kuingia katikati ya jiji. Zidisha kwa watu watano, kwenda na kurudi. Mkizitawanya pesa hizo kwenye tuktuk na matatu, mtaamini Nairobi ni rahisi, na mwezi huo mtashangaa nauli za kila siku zimepanda.

Feri ya Likoni, anayevuka kwa miguu halipi, gari ndilo linalolipa. Basi akaunti ya feri iwekeni ndani ya Gari, na asiye na gari asiifungue kabisa.

Jambo ninalolipenda zaidi kwenye programu hii ni kwamba kila pesa ina inakotoka na inakokwenda. M-Pesa inakuwa akaunti kama benki au pesa za mfukoni. Kutoa benki kuweka M-Pesa si matumizi, pesa bado ni yenu. Matumizi yanaanza konda akishalipwa. Na malipo mamoja unaweza kuyagawa: tiketi huku, ada ya kutuma kule.

Van ya shule ipangieni ijiandike yenyewe kila mwezi. Nauli ndogondogo za matatu msiziandike moja moja, mtachoka kabla ya wiki kuisha, hasa siku za mvua nauli zinapobadilika asubuhi na jioni. Andikeni kiasi alichopewa kila mtu Jumatatu, na Jumapili mhesabu kilichobaki.

Upungufu upo. Sura yake ni ya kizamani, na maingizo mawili kwa kila jambo yanataka subira hadi uzoee. Tena ni ya kompyuta. Kama nyumbani mnatumia simu tu, msihangaike nayo: nunueni kaunta buku, pigeni mistari, safu moja ya Usafiri na nyingine ya Safari, na ile tuktuk ya Miritini iandikeni safu ya pili.